Gari ndo inachagua spana: niliyowaambia wenye Land Rover za zamani

Shikamooni wazee wangu, vijana habari za saa hizi, na mama zetu mliokuja na magari ya waume zenu waliotangulia mbele za haki nawapa pole na nawapa hongera kwa pamoja, maana mngeweza kuyapeleka skrepa na hamkupeleka. Haya maneno niliyaongea pale uwanjani Arusha jenereta ikipiga kelele, waliokaa nyuma wakaniambia hawakusikia hata nusu, kwaiyo nimeyaandika kama nilivyoyaongea, na pale nilipokatizwa na maswali nimeyaacha humo humo.

Nimeombwa niongee kuhusu vifaa vya gereji kwa mtu anayetaka kuirudisha Land Rover ya zamani kwenye hali yake. Mji huu haunihitaji mimi kuuambia Land Rover ni nini, Oktoba 2024 tuliziona hapa barabarani zimejipanga mamia kwa mamia na watu wametoka na watoto wao kuangalia. Lakini toka siku ile simu yangu haijapoa. Kijana ananipigia, amepata Series ya babu yake, yani hizi Land Rover za zamani za Series I mpaka III, imelala chini ya mwembe miaka kumi na tano, anataka kuiamsha, na swali la kwanza ni lile lile, fundi ninunue vifaa gani. Alafu ananitumia picha ya boksi jekundu la plastiki lina vipande mia na kitu, vinang'aa, anauliza hili linafaa?

Jibu langu ni kwamba mimi sijui, iulize gari. Namaanisha kabisa. Kabla hujatoa hata shilingi nenda kalale chini ya gari na tochi na daftari na kipimo cha kalipa, siku mbili tatu, wiki ikibidi, uandike kila nati unayoiona ina upana gani. Simu yako ina kamera, piga picha kila kona kabla hujagusa kitu. Ukitoka chini ya gari utakuwa na orodha, na ile orodha ndo utaenda nayo dukani. Anayeanza na duka anajikuta na boksi zima la vifaa ambavyo havifungui kitu chochote kwenye gari yake.

Ngoja niwaoneshe kwa nini nasema hivi. Ukinunua boksi lile la milimita ukaja nalo kwenye Series IIA, yani zile za 1961 mpaka 1971, utakuta karibu kila nati ni ya inchi. Sasa watu wanasema ah inchi na milimita zinakaribiana, si unaitafutia tu inayoingia. Kweli kuna zinazokaribiana. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwaiyo 19 yako nzuri inaingia kwa kuisukuma kidogo na inabana safi kabisa. Tano kwa nane ni 15.88, 16 inafanya kazi. Hapo sina ugomvi na mtu. Shida inaanzia kwenye nusu inchi, hii ni milimita 12.7, wewe unachukua 13, inaingia vizuri tena kwa raha, na ile raha ndo ubaya wenyewe, kwa sababu kuna sehemu tatu za kumi za milimita spana inacheza. Kwenye nati mpya haitakusumbua. Kwenye nati yenye kutu ya miaka hamsini ambayo kona zake zimeshaliwa, ukivuta tu spana inapanda juu ya kona, inazilamba zote sita, nati inabaki mviringo kama shanga. Alafu kuna tisa kwa kumi na sita, hizo ndo zipo kwenye propela shafti, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, kila upande nati nne. Ni milimita 14.29. Spana ya 14 inagoma kuingia, ya 15 inacheza kama mlango wa banda. Nimeona watu wanaigonga 14 kwa nyundo mpaka iingie, inaingia kweli, alafu haitoki, au inatoka na kona za nati.

Kwaiyo seti ya kwanza ya kununua ni rinji, yani spana za duara, na soketi za inchi, kuanzia saba kwa kumi na sita mpaka angalau inchi moja. Na soketi chagua za pembe sita. Hizi za pembe kumi na mbili zinarahisisha kuingia kwenye kona finyu lakini zinashika nati kwenye ncha ya kona, wakati ya pembe sita inakamata ubavu. Kwa gari iliyolala muda mrefu usinunue pembe kumi na mbili kama chaguo la kwanza, utaitafuta baadae sana kwa sehemu moja moja. Na ile spana ya kurekebisha mdomo, mnayoiita spana malaya, iwe nayo moja kubwa ya kushikilia upande wa pili usizunguke. Kufungulia nati ya zamani usiitumie. Mdomo wake una uwazi kila siku hata ikiwa mpya.

Hapa kuna mzee mmoja akanyanyua mkono, akasema fundi mbona mimi zangu za inchi kwenye gia boksi haziingii. Shikamoo mzee, swali zuri sana na nilikuwa nakuja huko.

Waingereza walikuwa na uzi wao wa bolti na nati kabla ya huu wa inchi tuliouzoea. Joseph Whitworth aliupanga mwaka 1841, na viwanda vya Uingereza vikautumia miaka zaidi ya mia, pamoja na ndugu yake mwenye uzi mwembamba, BSF. Baada ya Vita Kuu ya Pili Marekani, Uingereza na Kanada wakakubaliana uzi mmoja, unaitwa Unified, ndo huu UNF wenye meno membamba na UNC wenye meno mapana. Sasa Land Rover ilianza kuoneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, katikati ya huo mpito. Kwaiyo Series I imejaa BSF, na Series II na IIA ni mchanganyiko, kiwanda kilikuwa kinahama taratibu, injini sehemu nyingi imeshakuwa UNF lakini ukiingia gia boksi na baadhi ya vyuma vya zamani unakutana na Whitworth na BSF, na vile viskrubu vidogo vya vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas ni BA, familia nyingine kabisa. Gari moja, nyuzi tatu nne. Sio makosa ya fundi aliyeishika kabla yako, imezaliwa hivyo.

Na spana za Whitworth zinachanganya watu kwa sababu namba iliyoandikwa sio upana wa mdomo, ni unene wa bolti. Spana imeandikwa robo inchi W, unaiangalia unasema hii mbona kubwa, ukipima mdomo ni milimita 13.3. Usiitupe ukidhani imekosewa! Nimeziona spana hizi zinauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu kwa sababu muuzaji kazijaribu kwenye Toyota zikakataa. Ukikuta mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana za reli au kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga na Morogoro, muulize kwa heshima kama ana spana za W ndani. Wengi wanazo kwenye debe la oili, zimeandikwa King Dick au Britool, chuma cha miaka hiyo, na ukimweleza ni za kazi gani anakuuzia kwa roho safi, pengine anakupa.

Sasa utajuaje hii ni UNF na hii ni BSF wakati zote ni za inchi na zote zimejaa matope? Safisha kichwa cha bolti kwa brashi. Zile za Unified Waingereza waliziwekea alama, utaona viduara vitatu vimeshikana kama mnyororo, au kichwa kina kidimbwi cha mviringo katikati. Ukiona hivyo hiyo ni UNF au UNC. Usipoona, tumia geji ya uzi. Hiki ni kifaa kidogo kama kisu cha kukunja, kina meno meno, bei yake ni ndogo kuliko sahani ya chips kuku za watu wawili, na kwangu mimi kimeokoa nyuzi nyingi kuliko kifaa chochote. Chukua mfano wa bolti ya tano kwa kumi na sita, BSF ina meno 22 kwa inchi na UNF ina meno 24. Ukikosea, nati inaingia vizuri mzunguko mmoja, wa pili, alafu inakaza, na mtu mwenye haraka anasema ah ni kutu tu, anaweka rinji anavuta, kwisha habari, nati na bolti zote zimekufa uzi, na kama ile ilikuwa tundu la alumini kwenye gia boksi basi umejitengenezea kazi ya wiki.

Naongea sana kuhusu nati na najua kuna watu hapa walitegemea nianze na mashine ya kuchomelea na kompresa. Nitafika. Lakini mtu akishaharibu nyuzi na vichwa vya bolti, hizo mashine kubwa zinakuwa za kurekebisha alichoharibu mwenyewe. Bolti ya asili ni sehemu ya gari kama ilivyo taa au usukani. Kuna gari ilikuja kwangu kutoka gereji fulani, Series IIA fupi ya mwaka 1967, imepakwa rangi nzuri ya kijani, ukiiangalia mbali unafurahi. Nikaingia chini, kila bolti iliyogoma ilikatwa kwa grenda na kuwekwa bolti ya milimita ya dukani, tundu limepanuliwa kwa drili ili ipite. Mikono ya chasisi imetobolewa, tundu zimekuwa mayai. Mwenye gari aliniuliza mbona inapiga kelele ikipita kwenye matuta. Nilikaa kimya muda mrefu kwa sababu sikujua nimwambie nini, alikuwa amelipa hela nyingi.

Kufungua kitu kilichoshika kutu ni uvumilivu kuliko nguvu. Vifaa vyake ni vya bei rahisi, brashi ya waya ya kusafisha uzi uliojitokeza nje, mafuta ya kulainisha kutu, kuna wanaochanganya ATF, yani mafuta ya gia boksi ya otomatiki, na asetoni nusu kwa nusu na inafanya kazi vizuri ila inawaka moto haraka, kwaiyo usije ukaweka alafu ukaleta mwali. Unapaka leo, unapaka kesho, unagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo na panchi, unamwachia. Siku ya tatu unajaribu kukaza kidogo kwanza alafu ndo unalegeza. Ikigoma, na kama hukupaka ule mchanganyiko wa asetoni, tumia moto wa gesi kwenye nati peke yake, ipate joto, alafu gusisha mshumaa, nta inanyonywa ndani ya uzi unaona kwa macho. Ila naomba mnisikilize hapa, tangi la petroli la Series lipo chini ya siti, kabla ya moto wowote karibu na hapo tangi linatoka nje ya gari na linapelekwa mbali, sio kufunikwa na tambara bichi. Na kile chuma cha kutolea bolti iliyokatikia ndani, kile cha uzi wa kinyume, kisiwe cha kukimbilia, kikikatikia humo ndani ni chuma kigumu drili haikiingii, utalia.

Haya, kuna kifaa kimoja nimekileta hapa mezani mkione. Hii ni boksi spana ya habu, yani kitovu cha gurudumu, milimita 52. Ni bomba tu lenye pembe, ina tundu la kupitisha nondo. Habu ya Land Rover inafungwa na nati mbili kubwa nyembamba na katikati yake washa ya kukunja, moja inashikilia beringi na nyingine inaifunga ile ya kwanza. Sasa waulize mafundi wetu wengi wanafunguaje habu. Tindo na nyundo! Unaweka tindo kwenye kona ya nati, unapiga, inazunguka. Njooni muangalie hii nati niliyotoa wiki iliyopita, naipitisha, mtu aishike. Mnaona hizi kona? Kila pembe ina makovu, hapa limetoka jino zima, na huku vipande vya chuma vimemeguka. Vile vipande vimeenda wapi? Vimeingia kwenye grisi, grisi imeingia kwenye beringi. Na huwezi kukaza beringi kwa tindo ukajua umekaza kiasi gani, wakati ile beringi inatakiwa ibaki na mchezo mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimita au kuzidi kidogo tu, ukikaza zaidi inaungua na ukilegeza zaidi gurudumu linatikisika. Boksi spana hii haigharimu hata robo ya beringi mbili nzuri. Kwenye spana zote, kama kuna moja nataka mtu aondoke hapa aende kuitafuta, yake au ya kushirikiana, ni hii.

Kijana mmoja mbele hapo akauliza, fundi tukinunua vyote hivi si tutamaliza hela ya gari? Mdogo wangu, umesema kweli, na ndo maana vingine hutakiwi kununua. Winchi ya kutolea injini unaitumia siku mbili kwa mwaka, kodisha, au mkiwa watu watano mna Land Rover mtaa mmoja nunueni moja ikae kwa mmoja wenu. Boksi spana ya habu pia mnaweza kushirikiana. Kompresa kubwa ya kupiga mchanga pia ya kukodi. Lakini kuna vitu vya kukaa kwenye boksi lako mwenyewe, vyako, na cha kwanza ni stendi za kushikilia gari.

Hapa naomba utulivu kidogo. Series fupi ikiwa tupu ina zaidi ya kilo 1,300. Miaka ya nyuma, nikiwa bado najifunza, tulikuwa tunafanya kazi chini ya gari iliyokalia matofali ya saruji, kila upande matofali mawili. Kaka yangu mkubwa alikuwa chini anashughulika na gia boksi toka asubuhi. Mama akaita chai. Akatoka, akaenda kunawa mikono bombani, bado maji yanatiririka tukasikia kishindo kimoja tu, hakuna mlio wa kwanza, hakuna kuinama taratibu, tofali lilipasuka likawa unga na chasisi ikalala chini kabisa. Tochi aliyoiacha pale ilikuwa bapa. Mama aliona, alishika ukuta. Kuanzia siku ile mimi tofali na gogo na jiwe havikai chini ya gari ninayoifanyia kazi, na jeki peke yake pia haikai, wala ile jeki ndefu ya kunyanyulia kwenye matope, ile ni ya kunyanyua tu, sio ya kulala chini yake. Stendi nne za tani tatu, pini zake nzima, chini pagumu. Kama hela inatosha kitu kimoja mwezi huu, iwe stendi, spana zisubiri.

Tukija kwenye chasisi, watu wanakimbilia kuchomelea kabla hawajajua pa kuchomelea. Bodi ya Land Rover ni alumini, walitumia alumini kwa sababu baada ya vita chuma cha bati kilikuwa kinatolewa kwa mgao Uingereza, kwaiyo mabawa na milango haioti kutu ile nyekundu na mtu anadanganyika gari ni nzima. Chini kuna chasisi ya chuma ya boksi, na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu yako, na hivi viwili vinaoza kuanzia ndani kuja nje. Kifaa cha kuvikagua ni nyundo ndogo na bisibisi kuukuu na sumaku. Gonga chasisi kila inchi kumi, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kizito kama unagonga kifuu chenye maji. Sumaku isiposhika mahali, hapo kuna putti au fiber wamepaka. Pale unapotilia shaka sukuma bisibisi. Ikizama, bora izame leo gereji kuliko gurudumu lizame porini.

Bati la chasisi ya Series ni kama milimita 2 hivi. Mashine ya kawaida ya fimbo inaweza kuifanya kazi hiyo mkononi mwa mtu mzoefu, kwenye chuma safi kilichobaki kinene, lakini kwenye chuma kilicholiwa kikabaki nusu inatoboa, unafukuza tundu, tundu linakukimbia. Kwa anayejifunza MIG ya gesi, ile mashine inayojilisha waya wenyewe, inamvumilia zaidi. Kwa mawazo yangu, usinunue mashine ya kuchomelea kwa ajili ya gari moja. Jifunze kwenye vipande vya chuma chakavu cha unene huo huo, miezi, na kiungo cha chasisi kinachobeba gurudumu mpe mtu ambaye hiyo ndo kazi yake. Kabla ya kuchomelea fungua betri kwanza na altaneta. Na alumini usiiguse kwa mashine hizo, inataka mashine yake na mkono wake.

Alafu brashi. Hili dogo sana ila naliona kila siku. Brashi ya waya uliyosugulia chasisi usiipeleke kwenye bawa la alumini, vijichuma vinabaki vimejichoma kwenye alumini, mvua ikinyesha vinaota kutu na alumini pembeni yake inaanza kutoa unga mweupe chini ya rangi. Weka brashi ya stenlesi ya alumini peke yake, iandike, itundike upande wake. Na kupiga mchanga bawa la alumini kwa presha kubwa linajikunja kama chapati, hakuna wa kulinyoosha likarudi.

Toki renchi, ile spana inayopima umekaza kwa nguvu kiasi gani, ndiyo, nunua, hata ya kati tu lakini nzuri. Hedi ya injini ya petroli ya lita 2.25 bolti zake kubwa zinakazwa futi-paundi 65, hiyo ni kama nyutoni-mita 88, kwa hatua na kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje. Mkono wa fundi mzoefu unakaribia, sikatai, ila asubuhi na jioni mkono sio ule ule. Usiitumie kufungulia nati, na ukimaliza irudishe chini kwenye namba yake ya mwanzo kabla ya kuihifadhi, usiiache imekazwa. Na fila geji, ile ya majani ya kupimia mianya, mwanya wa tapeti za injini hiyo ni inchi 0.010 na wa pointi za distributa 0.014 mpaka 0.016, ukiwa na fila geji na bisibisi nzuri unaweza kuifanya injini ile iongee vizuri jioni moja tu, ni injini inayopokea shukrani haraka.

Kwenye mabomba ya breki kuna spana yake, ni rinji iliyokatwa mwanya ili ipite kwenye bomba, inakamata nati kwenye ubavu mwingi kuliko spana mdomo. Zile nati za breki ni laini, ukitumia spana mdomo unazilamba zote. Na ukifungua ngoma za breki za zamani usipulize kwa kompresa, nasisitiza, usipulize. Breki za miaka hiyo na sahani za klachi zilitengenezwa na asbesto, lile vumbi ukilivuta linakaa kwenye mapafu maisha yako yote. Lowesha kwa maji ya chupa yenye tundu dogo, futa na tambara bichi, tambara lifungwe kwenye mfuko. Mtoto anayekuletea spana asiwe karibu. Na rangi hizi za kuchanganya mbili, barakoa ya kitambaa haifanyi kitu chochote, kama huna kifaa cha kukuletea hewa safi kutoka nje mpelekee mpakaji mwenye chumba chake.

Mama mmoja aliuliza swali la mwisho, yeye hana nguvu za mikono na wala hataki kuwa fundi, ana gari ya marehemu na ana kijana wa kumsaidia, aanze na nini. Shikamoo mama. Anza na kitabu cha gereji cha gari yako, cha Series yako kweli sio cha nyingine, ukikosa cha karatasi vipo vya kusoma kwenye simu. Anza na mifuko midogo ya plastiki na kalamu ya wino usiofutika. Kila bolti ikitoka inaingia kwenye mfuko wake, mfuko unaandikwa imetoka wapi, upande gani, tarehe gani. Weka mifuko kwenye boksi za viatu. Hiyo kazi wewe unaiweza kuliko sisi, na fundi yeyote utakayemwita baada ya mwaka atakuta gari inajieleza yenyewe. Yule mama alinionesha picha baadae, alikuwa ameshaanza, boksi sita za viatu, ameandika kwa mwandiko wa shule, "bawa la kulia, mbele, bolti 4, moja imekatika".

Ile boksi spana ya habu itabaki mezani mpaka saa kumi. Pale pembeni kuna Series ya rafiki yetu tumeshainyanyua iko kwenye stendi, tunafungua habu ya kushoto sasa hivi, nahitaji mtu mmoja wa kushika tochi na mmoja wa kukunjua ile washa bila kuivunja.